Upande wa Chini wa Mkulo

Katika msitu wa Magamba, miaka ile ya vita vya Hitla, wapasua mbao walikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuliza ulitoka wapi: mkubwa hukaa juu, mdogo hukaa chini. Milima ya Usambara haina mahali pa kusimamisha watu wawili sawasawa. Mti mkubwa ukitaka kuangushwa, mmoja husimama upande wa mlimani, kwenye udongo mgumu, na mwenzake hupanda dungu la fito lililofungwa kwa kamba upande wa bondeni. Msumeno mrefu hupita kati yao, ukienda na kurudi. Wa juu ndiye fundi. Kabla ya kazi huugonga mti kwa kisogo cha shoka, husikiliza, kisha husema ukatwe au uachwe. Wa chini huvuta.

Rajabu Shekiondo alikuwa wa juu kwa muda mrefu hata akasahau kwamba naye aliwahi kuwa wa chini. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa mwili, mwenye swala tano, asiyegusa boha, ile pombe ya miwa, hata siku ya harusi. Mikulo, ile miti yenye harufu ya kafuri ambayo tajiri wa mbao wa Lushoto aliiuza jeshini, aliijua kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. Akigonga na kutega sikio, kambi nzima ilinyamaza naye. Akisema "mzima," hakuna aliyegonga tena baada yake. Ingekuwa kumvunjia heshima.

Mwenzake wa chini alikuwa Issa, mtu mchangamfu mwenye mke na watoto wawili, aliyemwita Rajabu kaka ingawa hawakuzaliwa pamoja. Issa alikuwa na mdomo. Aliwahi kumwambia mbele ya watu, "Kaka, hata peponi nadhani utaniambia nifunge dungu." Rajabu alicheka siku ile. Alimpenda Issa, na hilo lisisahaulike, kwa sababu watu hudhani madhara hufanywa na wasiopenda.

Asubuhi ya ukungu walisimama mbele ya mkulo ambao watu wanne wasingeweza kuukumbatia. Rajabu aliugonga akiwa upande wa juu, akasikia sauti nzito, akasema mzima. Wakachonga pengo upande walikotaka mti ulalie, wakahamia nyuma, wakaanza kukata. Msumeno ulipofika katikati Issa akapaza sauti kutoka bondeni.

"Kaka, unga wa huku umelowa. Mweusi kama ugoro."

Rajabu akautazama unga wa msumeno uliomwagika miguuni pake mwenyewe. Ulikuwa wa manjano, mkavu, unanukia vizuri. Wapasuaji wengine walikuwa mbali, na jua lilikuwa linapanda.

"Vuta," akasema.

Issa akavuta. Haukupita muda mti ukalia kilio ambacho Rajabu hakukitambua. Badala ya kulala ulikoelekezwa, uligeuka juu ya shina lake kama mtu aliyevutwa bega, ukaangukia bondeni. Dungu, msumeno na Issa vyote vilikuwa chini yake.

Walimtoa ameshakufa. Siku ile ile kambi ilivunjwa ikahamishiwa ng'ambo ya kijito, maana hiyo nayo ilikuwa desturi yao: mti uliokwisha kuua hauguswi, mbao zake hazipasuliwi, na shina lake halikaribiwi na mtu. Waliona ni kumheshimu marehemu. Matokeo yake ni kwamba katika msitu ule kila mti uliowahi kuua ulibaki na siri yake, na mafundi walijifunza kwa miti isiyoua tu.

Sababu ya kifo haikutafutwa msituni. Ilitafutwa nyumbani. Wake wa wapasuaji wa kambi ile walikuwa na mwiko wao: mume akiwa kwenye miti, moto wa jikoni kwake hautolewi nje kumpa mtu mwingine. Mjane, Mwanahawa, hakungoja kuulizwa. Alisema mwenyewe, mbele ya wanawake waliokuja matangani, kwamba asubuhi ile jirani yake Rahabu alikuja na kigae kuomba kaa. Mvua ilikuwa imezima moto wake na mtoto wake alikuwa anatetemeka kwa homa. Mwanahawa alimpa. Alijua mwiko, akatazama mtoto, akampa.

"Nimemuua mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko kilio chochote.

Maneno hayo yalimfikia Mussa, kaka yake Issa, ambaye kwa kufa kwa mdogo wake ndiye aliyebaki msimamizi wa nyumba ya marehemu. Mussa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye uchungu aliyepewa mahali pa kuuweka. Alitangaza kwamba Mwanahawa atakaa eda yake kama sheria inavyotaka, na eda ikiisha atarudi kwao Zirai, kule Issa alikomkuta alipokuwa akikata miti upande wa Kwamkoro. Watoto watabaki, kwa kuwa ni wa ukoo, na mama anayetoa moto wa mumewe hawezi kuaminiwa kulea wanawe.

Kisha watu wakamgeukia Rajabu, fundi, awaeleze ilivyokuwa.

"Mti uligeuka," alisema.

Kila mtu akaitikia kwa kichwa. Mti mzima, uliopimwa na Rajabu, hauwezi kugeuka bure. Alichosema kilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema. Mbaya zaidi ni kwamba alipousema alijisikia mwepesi.

Wepesi huo haukudumu. Alipewa mwenzake mwingine, Paskali, mtu mdogo kwake kwa umri, Mkatoliki, baba wa watoto watatu. Siku ya kwanza msumeno ulipouma mti Rajabu alisimama akauliza unga wa kule chini ukoje. Paskali akajibu ni mzuri. Wakavuta kidogo, Rajabu akauliza tena. Akauliza tena na tena.

"Mzee, unga ni unga," Paskali akasema mwishowe. "Tunataka kuusonga ugali?"

Watu walicheka. Rajabu hakucheka. Mkono wake ulikuwa umekataa kwenda.

Hapo ndipo alipoanza kuirudia kazi ile kichwani. Aliirudia akipanda kutoka nyumbani kwenda kambini na akishuka kutoka kambini kwenda nyumbani, njia nzima, akitembea kama mtu anayehesabu tasbihi. Mwanzoni alikuwa akitafuta pa kujificha. Labda ukungu uliipoteza sauti. Labda pengo lilichongwa vibaya, na pengo alilichonga Issa. Kila alipopata pa kujificha, neno lake mwenyewe, lile "vuta," lilimtoa. Baadaye akaacha kuuliza ni nani mwenye kosa. Akaanza kujiuliza mkono wangu ulifanya nini kwanza, ukafanya nini baadaye, miguu yangu ilisimama wapi, sikio langu lilikuwa upande gani. Ni maswali madogo, na mtu mwenye jina kubwa huyaogopa kuliko makubwa.

Akakumbuka miti mingine. Kulikuwa na mkulo mmoja wa Shume uliopinda ulipoanguka, na mtu wa chini akaruka akaokoka, nao wakamtania mpaka jioni kwa jinsi alivyoruka. Kulikuwa na mwingine uliomvunja mtu kifundo cha mguu, wakasema aliondoka nyumbani amegombana na mama yake. Yote miwili aliigonga yeye. Yote miwili aliigonga kutoka juu. Miti ile ilikuwa imemwambia kitu waziwazi, naye akaondoka na kicheko na uvumi. Miaka yote alidhani ana uzoefu. Alikuwa na mazoea.

Ijumaa moja baada ya swala, watu wakiwa wamepumzika, Rajabu alivuka kijito akaenda kwenye shina. Alijua anavunja nini. Magugu yalikuwa yameanza kulizunguka, na mti wenyewe ulikuwa umelala bondeni kama ulivyolala siku ile. Alisimama kwanza mahali pake pa zamani, juu. Nusu ya shina iliyomkabili ilikuwa ya manjano, ngumu, na harufu ya kafuri haijatoka. Akashuka kwa kushika mizizi mpaka mahali palipokuwa na dungu. Upande ule mti ulikuwa wa kahawia, ukivunjika kwa kidole kama mkate uliokauka. Akaenda kuutazama mti ulipolala. Kwenye gome lililokuwa upande wa bondeni mti uliposimama, na sasa limegeukia ubavuni, urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama juu ya dungu, kulikuwa na tundu la kuingiza mkono, na chini ya tundu alama nyeusi ya maji iliyoshuka kwa miaka mingi.

Kutoka juu tundu lile lisingeonekana kamwe. Issa alikuwa nalo usoni.

Aligonga shina kwa kisogo cha shoka, pale chini. Likatoa sauti ya debe tupu. Akapanda juu akagonga, sauti nzito. Akashuka akagonga, debe tupu. Alipanda na kushuka hivyo mara nyingi, kisha akaketi kwenye majani yaliyolowa. Aliyeuhukumu mti alisimama mahali salama ambapo mti ulionekana mzima. Aliyesimama mahali pa kifo ndiye aliyeuona ulivyo, naye alisema, na hakuwa na haki ya kusikilizwa. Desturi yao nzima ya kazi ilikuwa imejengwa hivyo, nao waliiita heshima.

Alimweleza mkewe. Rehema alisikiliza akichambua maharage, hakuinua kichwa. Alipomaliza, Rehema akamwambia aende kwa Mwanahawa. Rajabu akaanza kumweleza ugumu wake: watu wa kambi watamfukuza kwa kukaribia shina, tajiri hatampa kazi mtu aliyefukuzwa na wenzake, na Mussa ana panga na ana haki ya hasira. Rehema akaweka ungo chini.

"Basi ungeninyamazia na mimi," alisema. "Eda sikai mimi."

Rajabu hakwenda. Alichofanya ni kile ambacho watu wengi wema hufanya, nacho kinafaa kusemwa kwa jina lake: alilipa deni la mtu mmoja kwa mtu mwingine. Alibadili kazi yake kimyakimya. Kabla ya kukata mti wowote alishuka upande wa bondeni, akipasua suruali kwenye miiba, akagonga kule. Wenzake walisema fundi amezeeka, anatafuta uyoga. Aliiacha miti miwili iliyokuwa na uvungu, na hakueleza kwa nini. Paskali alirudi nyumbani salama, na Rajabu akajiambia kwamba Mungu ameiona toba yake. Lakini fundisho lililopatikana kwa roho ya Issa alilikalia peke yake, wenzake wakiendelea kufungiana madungu chini ya miti isiyogongwa, na mwanamke asiye na kosa akiendelea kubeba maiti isiyo yake.

Mwanahawa alikuwa amekoma kuwasha moto. Alikula kilichobaki kwa Mussa, kimepoa, na watoto wakitaka kusogea jikoni kwa shemeji zake aliwavuta nyuma kwa nguo. Alikonda. Kila Rajabu alipopita njiani alimwona nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, naye kwa adabu yake hakuacha kumwamkia. Shikamoo, shemeji. Rajabu akaitikia marahaba, akapita.

Siku moja Mwanahawa alimwuliza kutoka ndani kama Issa aliumia kwa muda mrefu. Rajabu akasema hapana, na hilo lilikuwa kweli.

"Alisema neno lolote?"

"Hakusema," Rajabu akajibu.

Akaendelea na njia yake. Kunyamaza kulikuwa kumekwisha kuzaa. Sasa alikuwa amemnyang'anya marehemu neno lake la mwisho, akamnyang'anya mkewe pia neno hilo.

Eda ilipokwisha, Mussa aliwaita watu wa ukoo na mwalimu wa chuo cha Kurani uani kwake, shauri limalizwe. Mwanahawa aliketi kando na wanawake, mzigo wake umeshafungwa. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni mwake, naye alikuwa akimfungua taratibu ili awape. Rajabu aliomba kusema. Walidhani anataka kuomba dua.

Alisimulia yote tangu kisogo cha shoka. Alisema alisimama wapi, Issa alisimama wapi. Alisema alikwenda kwenye shina, na hapo watu wakaguna na wengine wakasogeza viti, lakini hakukoma. Alieleza tundu, alama ya maji, sauti mbili za shina moja. Alipomaliza Mussa alikuwa amesimama, lakini hakuwa na panga. Alikuwa na swali, na swali lile lilikuwa gumu kuliko panga.

"Shina lilioza miaka mingi, umesema. Siku zote hizo lilisimama. Kwa nini ligeuke siku ile ile aliyotoa moto?"

"Kwa sababu ndiyo siku niliyolikata mimi," Rajabu akasema.

Kisha Mwanahawa akainuka akaja mpaka katikati ya ua, jambo ambalo mwanamke halifanyi mbele ya wazee.

"Nilikuuliza kama alisema neno."

"Alisema. Alisema unga umelowa, mweusi kama ugoro."

"Na wewe?"

"Nikasema vuta."

Alimsogelea Rajabu. Wanawake baadaye walisema walitarajia ampige, na kwamba ingekuwa afadhali.

"Kumbe alijua," alisema. "Alijua, akavuta. Na wewe ukawa unapita mlangoni unaniitikia."

Akamrudisha mtoto mgongoni, akamfunga kwa nguvu. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba watoto walikuwa wachukuliwe kwa sababu ya moto, na sasa sababu hiyo haipo. Mussa alikaa kitako. Alisema achukue wanawe, lakini nyumba hii asiirudie, maana kila atakapomwona atakumbuka. Wazee wawili walikuwa bado wananong'ona kwamba moto ni moto, na kwamba mti uliooza na moto uliotoka vinaweza kusaidiana. Ukweli uliochelewa ndivyo unavyopokelewa: hukuta watu wameshakaa.

Wakati Mwanahawa anangojea lori la kushuka Mombo, akashike treni mpaka Muheza, Rajabu alirudi kambini. Hawakumfukuza. Msimamizi, Nikodemo, alimruhusu hata aseme mbele ya wote, naye Rajabu akasema: kuanzia sasa mti ugongwe na mtu wa chini, na neno la wa chini lisimamishe msumeno. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekosea, yeye ndiye atakayekaa chini. Walimsikiliza kwa heshima yote. Kisha akamgeukia Paskali ashike mpini wa juu.

Paskali aliinamisha kichwa. "Mzee, nisimame juu yako? Watu watasema sikulelewa."

Rajabu akamwomba mwingine, na mwingine. Wote walikuwa na adabu. Asubuhi ile jozi zote ziliingia msituni kama kawaida, wakubwa juu, wadogo chini, na baadhi ya wale wadogo walikuwa wamemsikia Rajabu vizuri sana. Alibaki kambini na msumeno wenye mipini miwili.

Siku ya lori alishuka Lushoto. Mwanahawa alikuwa sokoni na watoto na mzigo. Hakumwamkia. Rajabu hakuwa na haki ya kuidai ile shikamoo, akaubeba mzigo bila kuambiwa, naye akamwacha aubebe. Alimpandishia, akawapandisha watoto. Mwanamke alipokwisha kukaa juu ya magunia akamwuliza, bila kumtazama, kama amewaambia wale wa msituni.

"Nimewaambia. Nimesema mimi nitakaa chini."

"Nani amekubali kusimama juu?"

"Bado hajapatikana."

Mwanahawa akavuta kanga, akamfunika mtoto kichwa.

"Basi hujamaliza kusema," alisema.

Lori likaondoka kuelekea Soni. Rajabu alisimama hapo mpaka wachuuzi wakamwomba apishe, kisha akaanza kupanda tena njia ya Magamba.